Mzee Cuthbert Chale wa Gari la Chini na Barua Yake Moja ya Onyo

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Mzee Cuthbert Chale atakabidhi ufunguo wa gari, koti la mvua na kitabu cha kupokelea mizigo, na hapo atakuwa amestaafu baada ya miaka ishirini na saba ya udereva katika kampuni yetu ya Fika Vifurushi, kituo cha Mbinga. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1998. Karani wetu Praygod, ambaye hupenda kuhesabu mambo ya watu, amepata safari zaidi ya elfu saba kati ya Mbinga na ufukwe wa Ziwa Nyasa, bila kumgonga mtu, mbuzi wala kuku. Kuhusu kuku, Mzee mwenyewe amekiri kwamba alikuwepo mmoja pale Kitura mwaka 2004, ila anashikilia kuwa kuku yule ndiye aliyeligonga gari.

Meneja wetu, Bi. Scholastica Kapinga, alimpa mwandishi nafasi katika programu hii ya kumuaga na kumtaka aandike mambo mazuri. Yapo tele, na yanakuja. Lakini faili la Mzee lina pia barua moja ya onyo, ya Agosti 2021. Barua hiyo ndiyo iliyomzuia kuwa mkufunzi wa madereva, kazi aliyoitamani kuliko zote hapa kituoni. Leo ni Jumamosi. Keshokutwa anaondoka na barua ikiwa bado imo ndani ya faili. Wasifu huu hauwezi kuiruka, kwa sababu wengi wenu mnajua nusu tu ya habari yake.

Mzee Cuthbert alizaliwa Liuli mwaka 1965, katika familia ya Kianglikana ya wavuvi na wakulima wa mihogo. Baba yake alitaka awe mvuvi. Ikaonekana mapema kwamba mtoto huyu wa ziwani akikaa kwenye mtumbwi kwa robo saa anatapika, basi akapelekwa kutafuta riziki nchi kavu. Alijifunza udereva kwenye malori ya kubebea kahawa, akazijua barabara za milimani wakati wa masika, ambazo zilikuwa barabara kwa jina tu. Huko huko milimani, Maguu, ndiko alikompata mkewe, Mama Gaudiosa, Mmatengo na Mkatoliki asiyekubali mzaha juu ya Ukatoliki wake. Kwa hiyo Mzee anaongea Kinyasa cha nyumbani, Kiswahili cha kazini, na Kimatengo cha ukweni ambacho wakwe zake huombana kimya ili wakisikilize vizuri na kucheka.

Kwa wageni wetu wa leo, inafaa kueleza kazi yenyewe. Kila alfajiri lori la Songea hutuletea vifurushi, nasi tunavigawa katika magari mawili. Gari la juu linakwenda milimani, Maguu na vijiji jirani. Gari la chini linateremka ziwani: Mbamba Bay, Liuli, hadi Ngumbo, na kurudi jioni. Magari haya huegeshwa yakiwa yamepeana migongo, na wapakiaji husimama katikati. Kutoka gari moja hadi jingine ni hatua nne. Kifurushi kikikosea hatua hizo nne, kinakwenda kulala kilomita nyingi kutoka kwa mwenyewe, na mwenyewe anakaa barabarani siku nzima akitazama vumbi.

Mzee Cuthbert amekuwa dereva wa gari la chini tangu mwaka 2003. Huku kwetu nyumba hazina namba, na mtu akiandika “Mwalimu, Ngumbo, karibu na kanisa” anaamini amemaliza. Ndiyo maana Mzee alikuwa na daftari lake mwenyewe, lililofungwa kwa mpira wa tairi. Humo mna mambo kama haya: nyumba ya tatu baada ya mashine ya unga, usipige honi, bibi ana presha. Au: huyu haji simu ikiita, mtume mtoto wa jirani. Au: mbwa anaitwa Meneja, mwite kwa heshima. Daftari hilo limekwisha kunakiliwa mara mbili, na madereva wapya hulisoma kuliko wanavyosoma kanuni za kampuni.

Kisa cha sare za kwaya kinajulikana, lakini kisipoandikwa leo watu watalalamika. Mwaka 2012 sare za kwaya ya Wakatoliki wa Maguu zilipakiwa kwenye gari la chini. Huko Liuli mwalimu wa kwaya moja, ambaye naye alikuwa akisubiri sare, aliona sanduku kubwa lenye neno “kwaya” akasaini kwa furaha. Mzee alipogundua keshoye na kurudi kuzifuata, ilikuwa Jumapili na wanakwaya walikuwa wamekwisha kuzivaa. Hakuwavua watu nguo kanisani. Alikaa benchi la nyuma, akasali ibada nzima, akatoa na sadaka, kisha akaomba kila mmoja ampe sare yake kwa upole. Zote arobaini zilifika Maguu zikiwa zimefuliwa na kupigwa pasi. Mpaka leo watani wa ziwani huwaambia wale wa milimani kwamba sare zao zilikwisha kuimbiwa na wanaojua kuimba.

Sasa tuje kwenye barua.

Wapakiaji wa kituo hiki walikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote, na kila mpya alifundishwa siku ya kwanza. Mzigo uliofungwa kwa gunia la kahawa ni wa juu. Mzigo uliofungwa kwa nyavu kuukuu ni wa chini. Watu wa milimani wana magunia, watu wa ziwani wana nyavu, na hakuna anayenunua cha kufungia wakati anacho nyumbani. Mazoea hayo yalikuwa sahihi mara tisa kati ya kumi, tena yalikuwa ya haraka, maana saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi ya Mbinga hakuna anayependa kusimama akisoma anwani kwa tochi. Ile mara ya kumi ndiyo iliyokuwa ikitutia aibu.

Jumatano tarehe 14 Julai 2021 ilikuwa mara ya kumi. Huko Maguu, Mama Hildegardi Ndunguru alikuwa ametumia miaka miwili kuzishawishi familia thelathini na moja ziache kumenya kahawa kila mtu kwake, zilete zote kwenye mashine moja ya kikundi. Wiki ya kwanza ya msimu ngoma ya mashine ikapasuka. Ngoma ni ile silinda ya shaba yenye vipele inayotoa ganda la kahawa mbivu. Bila hiyo mashine ni chuma cha kukalia. Fundi mmoja wa Songea akatengeneza nyingine, akaiandikia anwani vizuri kabisa: Hildegardi Ndunguru, Kikundi cha Kahawa, Maguu. Lakini fundi huyo ni mwenyeji wa Mbamba Bay, na kwa kuwa hakutaka ngoma igongwe njiani, aliizungushia nyavu kuukuu za kwao, tabaka juu ya tabaka. Hapa Mbinga ikapakiwa kwenye gari la chini.

Mzee Cuthbert aliikuta saa sita mchana akiwa Ngumbo, mwisho wa njia, nyuma ya magodoro. Alisoma anwani mara mbili, kisha akampigia simu Mama Hildegardi yeye mwenyewe. Hilo pia lilikuwa kinyume cha utaratibu, kwani utaratibu ulitaka mteja aambiwe na ofisi, na ofisi ilikuwa na namna yake ya kusema “kuna changamoto kidogo”. Mzee alisema ngoma anayo yeye, iko Ngumbo, na imekosewa gari.

“Baba, watu wamechuma tangu alfajiri,” Mama Hildegardi alijibu. “Madebe themanini yako hapa uwanjani, tunaangalia barabara. Nikiwaambia warudi Ijumaa, itaoza yote, na hawataniletea tena hata tunda moja.”

Ijumaa haikuwa maneno yake tu. Kanuni zetu zinasema kifurushi kilichopakiwa gari lisilo lake kirudi kituoni, kiandikwe, kisubiri gari lake, na gari la juu hufika Maguu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kahawa mbivu iliyochumwa inatakiwa imenywe siku hiyo hiyo. Bodaboda wa pale Ngumbo, alipoulizwa, alihesabu njia ya kuzunguka Mbamba Bay na Mbinga hadi kupanda Maguu, akasema atafika usiku, tena kama pikipiki itakubali.

Ipo njia nyingine, ya miguu, inayopanda mlima moja kwa moja. Wanaoijua ni wanawake wanaopeleka usipa, dagaa wetu wa Nyasa, kuuza milimani. Siku hiyo Mama Winifrida Mbele alikuwa akifunga kapu lake tayari kwa safari hiyo. Mzee alikuwa amempelekea vifurushi kwa miaka kumi na hakuwahi kuona amechukua kisicho chake. Akamwambia habari yote, pamoja na uzito: kilo kumi na tano.

“Usipa wangu umekwisha kukauka, hauozi huu,” alisema Mama Winifrida. “Kahawa yao ndiyo itakayooza. Nitwisheni.”

Kapu lake akamwachia wifi yake, akazungusha ngata kichwani, akatwishwa ngoma ya shaba pamoja na nyavu zake. Mzee akaandika kwenye kitabu cha kupokelea, kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la saba: “Nimempa Winifrida Mbele ampelekee mwenyewe. Ni mimi, C. Chale.” Kanuni ya kwanza ya kampuni yetu, ile iliyobandikwa hadi chooni, ni kwamba kifurushi hakikabidhiwi kwa mtu asiye mwenyewe. Mzee aliijua, na akaivunja akiwa ameshika kalamu.

Mama Winifrida alipanda kwa saa tano. Huko juu, kufikia saa tisa, familia saba zilikuwa zimekata tamaa na kuchukua madebe yao kwenda kumenya nyumbani kwa mashine za mkono. Mama Hildegardi aliwazuia waliobaki kwa maneno, na maneno yalipomwishia akawapikia uji. Saa kumi na moja na robo wakamwona mwanamke wasiyemjua akitokea upande wa bondeni, shingo imenyooka, kichwani amebeba nyavu. Nusu saa baadaye mashine ilikuwa inazunguka. Zile familia saba zilisikia muungurumo zikiwa nyumbani, zikarudi na madebe yao bila kuitwa. Kahawa yote ilimenywa, na kikundi kile leo kina familia sitini na nne.

Maguu hawakulalamika. Yaliyoleta shida ni makaratasi. Mwezi uliofuata ofisi ya kanda ilipokagua vitabu iliona ngoma ya Maguu imesainiwa Ngumbo, kwa jina la muuza dagaa. Mzee akaitwa kwenye kikao hapa hapa kituoni, mbele ya wapakiaji wote wanne. Aliulizwa kwa nini alimkabidhi mtu asiye mwenyewe. Alijibu kwamba kahawa ingeoza. Aliulizwa ni nani aliyepakia mzigo ule kwenye gari lake. Wakati ule wapakiaji hatukuwa tunasaini popote. Dereva peke yake ndiye aliyesaini karatasi ya upakiaji.

“Saini iliyopo ni yangu,” alisema Mzee. “Gari lilikuwa langu.”

Barua ikaandikwa kwa makosa mawili, kubeba mzigo usio wa njia yake na kuutoa kwa mtu asiyehusika. Ilimfungia nafasi ya ukufunzi kwa miaka mitatu. Miaka mitatu ilipokwisha akaambiwa amekaribia mno kustaafu. Akabaki kwenye usukani na mgongo wake ule ule, ambao tangu mwaka 2019 daktari alikuwa amemshauri aupumzishe.

Juma lililofuata kikao kile alianza jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kila alfajiri alisimama nyuma ya gari lake, akataka mpakiaji asome anwani kwa sauti, naye aitikie kwa kutaja kituo mzigo utakaposhukia, ndipo uingie garini. Tukaliita kusomeana. Mwanzoni tulimcheka, tukasema Mzee anaendesha litania. Baada ya miezi miwili gari la juu nalo likaiga. Kwa hesabu za Praygod, zamani tulikuwa tukikosea mizigo mitano au sita kwa juma, na sasa hatufikishi mitatu kwa mwezi. Vituo vingine viwili vya kanda vimekuja kujifunza. Hayo ndiyo mafanikio makubwa ya Mzee Cuthbert katika utumishi wake, na ameyafanya bila cheo cha ukufunzi.

Hapa mwandishi anaomba kuacha kujiita mwandishi.

Mimi ni Edina Nchimbi, msimamizi wa upakiaji. Julai 2021 nilikuwa na miezi minne kazini, kwa mkataba wa majaribio. Ngoma ile niliipakia mimi. Niliona nyavu, nikasikia na harufu ya samaki, nikaitupa gari la chini, nikaenda kuchukua mzigo mwingine. Anwani ilikuwa upande niliokuwa nimeushika kwa mkono. Sikuisoma.

Kwenye kikao nilikaa viti viwili kutoka kwa Mzee. Swali lilipoulizwa niliangalia viatu vyangu. Niliogopa kufukuzwa, nilikuwa na mama mgonjwa na hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya maana. Hofu ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa sababu ya kumwacha mtu mzima abebe kosa langu. Novemba mwaka huo huo nikathibitishwa kazini. Mwaka 2023 nikapandishwa kuwa msimamizi, na nimewafundisha wapakiaji wapya kusomeana kana kwamba jambo hilo nililibuni mimi. Nimeona aibu kila alfajiri aliponisalimia, na bado nikaitikia na kucheka kama wengine.

Jumapili iliyopita nilikwenda nyumbani kwake kumwambia kabla ya kuandika. Nilimwamkia, nikapewa kiti, nikasema yote bila kupumzika. Mzee akasema alijua tangu siku ile. Alikuwa ameniona kwenye kioo cha gari nikiipandisha, akadhani nimesoma.

“Na mimi sikusoma, mwanangu,” akasema. “Tulikosea wawili. Andika ile ya kwaya, watu wacheke. Hii iache.”

Mama Gaudiosa alikuwa jikoni akituandalia ugali. Akajibu kutoka huko huko, bila kutoka nje.

“Aandike! Miaka minne namkanda mgongo mimi. Na wao wasikie.”

Basi nimeandika. Alhamisi nilimkabidhi Bi. Scholastica barua yangu, nikiomba onyo la Agosti 2021 liondolewe kwenye faili la Mzee Cuthbert na langu liandikwe. Ameniambia uamuzi ni wa kanda na huenda usitoke kabla ya Jumatatu. Kurasa hizi alizisoma mbele yangu hadi mwisho, kisha akazigonga muhuri zikachapwe. Nakala ni mia mbili. Kila mfanyakazi anayo moja, na familia ya Mzee imepewa kumi, kwa hiyo hata faili likichelewa, haya yamekwisha kuandikwa mahali.

Mzee Cuthbert, kituo kizima kinakushukuru kwa gari lililorudi salama kila jioni, kwa daftari lako, na kwa wateja waliojua kwamba ukipiga simu unasema kweli. Mama Gaudiosa, asante kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Tunakurudishia, mgongo ukiwa umetumika kidogo. Tunawaombea wote wawili afya, usingizi wa kutosha asubuhi, na siku nyingi za furaha huko Liuli.

Shikamoo, Baba. Nimechelewa miaka minne. Unisamehe.

Edina Nchimbi
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Fika Vifurushi, Mbinga